Kuni za Siku ya Wageni

Kila Ijumaa zamu ya ibada ilipoangukia nyumbani kwake, Shemasi Ok-bun alimaliza chakula cha mchana, akapiga magoti na kupangusa sakafu kwa kitambaa kilicholoweshwa. Alianzia dirishani na kurudi nyumanyuma kuelekea mlangoni. Mabomba ya boila yalipita chini ya sakafu hiyo, na wakati wa baridi watu wa kijiji cha Sutgol hula chini, huongea chini na kulala chini. Viti huachwa vitundikiwe makoti. Kila kitambaa kilipopita, mvuke mwembamba uliinuka.

Karibu na mlango mvuke ulikoma. Hapo palikuwa na duara, upana wa mwanamke aliyekaa, ambapo sakafu ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ok-bun aliondoa beseni la kimchi alilokuwa ameliweka hapo tangu mwanzo wa wiki, kwa sababu kabichi ya kuchachusha hupenda ubaridi na mahali pazuri hapafai kukaa bure. Akapapangusa kama pengine, akaweka mto wa kukalia. Kisha akaongeza moto wa boila, ingawa alijua hausaidii kitu.

Mahali hapo palikuwa pa Pil-nyeo.

Pil-nyeo alifariki majira ya baridi ya mwaka uliopita, nyumbani kwake juu ya mteremko, nyuma ya mashamba ya figili. Tarishi ndiye aliyemkuta. Watu walisema ni kifua. Ijumaa iliyofuata maziko, ibada ilikuwa kwa Mal-sun, na sakafu ikapoa mlangoni, pale marehemu alipozoea kukaa. Zamu ilipofika kwa Jeom-rye, ikapoa huko pia. Kisha kwa Ok-bun. Baridi hiyo ilihudhuria bila kukosa, ikabaki katika nyumba zote tatu. Kiangazi kilipofika mbwa wa Jeom-rye alilala juu yake mchana kutwa, na hakuna aliyemfukuza.

Fundi wa boila aliitwa. Aligonga huku na huku, akavua glavu, akaweka kiganja.

"Mabomba ni mazima, mama," alisema. "Hapa pamekaliwa." Akafunga sanduku lake la vifaa.

Mchungaji naye alipagusa. Akasema hajui andiko linalokataza baridi, kisha akaomba aongezewe chai ya shayiri.

Basi wote wakapazoea. Aliyeshindwa ni Ok-bun peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyepanga zamu. Hakuziandika popote. Zilikuwa kichwani mwake kama njia ya kwenda kisimani: kwake, kwa Mal-sun, kwa Jeom-rye, halafu kwake tena. Kila baridi ilipoanza, Pil-nyeo alimshika mkono wakati wa kuvaa viatu na kumwambia, "Dada, Ijumaa ijayo njooni kwangu." Na kila mara Ok-bun alimjibu, "Usijitaabishe, mwenzangu. Kifua chako hicho. Wewe pumzika tu. Tutakuja theluji ikiyeyuka."

Aliyasema kwa upendo. Lakini theluji ilipoyeyuka kulikuwa na mbegu za kusia, kisha magugu, kisha pilipili za kuanika, kisha kabichi za kutia chumvi, kisha theluji tena. Sasa kila alipopangusa sakafu aliyarudia maneno yale moyoni, moja baada ya jingine, akitafuta lile lililokuwa baya. Hakuliona.

Mal-sun alifika wa kwanza, akikung'uta theluji mabegani. "Bomba langu limeganda tena," alisema kabla hata ya kusalimia. "Nimelipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele asubuhi nzima, mpaka mume wangu akaniuliza bomba linakwenda harusi ya nani."

Jeom-rye aliingia nyuma yake, akishikilia ukuta kwa sababu ya magoti. Binti yake alikuwa amemletea godoro la umeme kutoka Seoul, na habari hiyo ilikuwa bado mpya. "Mimi siku hizi nalala kama mkate kwenye tanuri," alisema.

"Mkate hugeuzwa, mwenzangu," alisema Mal-sun. "Wewe unageuzwa na nani, na mzee ameshatangulia?"

"Midomo hiyo, na kesho kutwa unaimba kwaya."

Wa mwisho alikuwa Thuy, msichana aliyetoka Vietnam msimu wa mavuno kuolewa ng'ambo ya daraja. Aliinama kwa kila mmoja, akakaa karibu na mlango kama ilivyompasa mdogo wa wote, ubavuni mwa mto mtupu. Alikuwa amevaa soksi mbilimbili.

"Mama, baridi hii huisha lini?" aliuliza.

"Ikichoka," alisema Mal-sun.

Jeom-rye aliweka viganja sakafuni, akafumba macho. "Sakafu ya Shemasi ina moto. Ubarikiwe." Katika Sutgol mgeni wa ibada husifu sakafu kwanza, ndipo humsifu Mungu, na mwenyeji ambaye sakafu yake imepoa husemwa mpaka masika. Ok-bun mwenyewe aliwahi kusema kwamba juu ya sakafu ya Mal-sun samaki angekaa wiki nzima bila kuoza. Utani huo ulizunguka kijiji kizima, na Mal-sun bado aliufurahia kuliko wote. Pil-nyeo alikuwepo siku hiyo. Alicheka pamoja na wengine, halafu akavuta mikono ya sweta yake ikafunika vidole.

Waliimba, wakasoma, wakawaombea wenye mafua. Viazi vitamu vilipoletwa, Ok-bun alisema, "Ijumaa ijayo ni zamu ya Pil-nyeo."

Hakuna aliyeuliza kivipi. Jeom-rye alimenya kiazi chake. "Kule kuna mteremko wa barafu," alisema.

"Tutafunga kamba za majani kwenye viatu," alisema Mal-sun. "Wewe nitakusukuma kwa nyuma. Mzigo nimeuzoea, ninafuga ng'ombe."

"Na ufunguo?"

"Upo chini ya chungu cha mchuzi wa soya," alisema Ok-bun. "Wanawe waliuacha hapo."

Wiki ile alilala vizuri kidogo. Aliamini kwamba zamu ikishalipwa, baridi itaondoka mlangoni kwake, naye ataweza kupangusa sakafu kama watu wengine.

Ijumaa ilipofika walipanda, Thuy akitangulia na ufagio kufagia theluji njiani, Jeom-rye akisukumwa. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya aina ambayo moto huwashwa jikoni na moshi wake kupita chini ya mawe ya sakafu. Chini ya upenu palikuwa na kuni. Zilipasuliwa sawasawa, zikapangwa kutoka pembe hadi pembe mpaka zikagusa paa, na juu yake palifunikwa turubai safi. Hakuna hata gogo moja lililokuwa limechomolewa. Zile za chini zilikuwa zimebadilika rangi kwa ukongwe.

Walisimama kuziangalia.

"Nilimuuliza mara moja," alisema Mal-sun. "Nilimkuta kavaa koti ndani ya nyumba, nikamwambia, bibi wewe, kuni tele na unatetemeka? Akasema hizo ni za siku ya wageni. Kwamba sakafu ya mawe hula kuni nyingi kabla ya kupata moto, na hakutaka siku hiyo imkute amepungukiwa." Alifuta pua kwa glavu. "Nikajua anatania."

Ok-bun alifungua mlango. Ndani pumzi zao zilionekana. Sakafu iliuma nyayo kupitia soksi. Lakini upande wa jikoni, mahali panapopata moto wa kwanza na ambapo mgeni huketishwa, mfarishi mzito wa pamba ulikuwa umetandikwa, nao ulikuwa na vivimbe. Ok-bun aliinua pindo lake. Chini yake palikuwa na bakuli nne za shaba zenye vifuniko, na mvuke ulitoka pembeni mwa kila kifuniko.

Wote walijua maana yake. Mama zao walifanya vivyo hivyo: wali wa mtu ambaye hajarudi nyumbani hufunikwa, ukawekwa chini ya mfarishi penye moto, ili akifika hata kama amechelewa asile kilichopoa.

Mal-sun alikwenda jikoni, akarudi. "Jivu ni la mwaka juzi," alisema, akakaa.

Mbele ya kila bakuli sakafu ilikuwa ya moto, duara moja la kumtosha mtu mmoja. Jeom-rye alikaa kwenye duara lake na magoti yake yakalegea. Mal-sun akakaa kwenye lake, Ok-bun kwenye lake. Thuy alibaki amesimama mlangoni na ufagio wake, akasema yeye ameshakula.

"Bakuli ni nne," alisema Mal-sun.

Walitazamana. Pil-nyeo alizikwa Thuy akiwa bado kwao, hajapanda ndege.

"Njoo ukae, binti," alisema Mal-sun. "Amekuhesabu."

Thuy akaja, akapokea bakuli kwa mikono miwili. Wali ulikuwa na kunde, laini, wa moto kiasi cha kupulizwa. Ok-bun aliomba, wakala.

"Sakafu yako ina moto, Pil-nyeo," alisema Jeom-rye, akiangalia mlangoni. "Ubarikiwe."

Ok-bun alisubiri. Alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia, ameyapanga njia nzima, lakini hakuona pa kuyaelekeza. Alisogea mpaka mlangoni, mahali pa mwenye nyumba, penye upepo, ambapo Pil-nyeo angekaa akiwahudumia. Akaweka kiganja. Hapo ndipo palipokuwa na baridi kuliko nyumba nzima. Hapakuwa na bakuli la tano.

"Tuwashe moto," alisema.

Walibeba kuni kwa zamu, hata Jeom-rye alibeba mbili. Zilikuwa kavu, ziliwaka bila moshi, zikanguruma vizuri chini ya mawe. Walizichoma mpaka jua likaegemea kilima. Ok-bun alirudi mlangoni kila baada ya muda kugusa sakafu. Haikubadilika.

Wakati wa kuondoka walikuwa wakiongea habari za kawaida: ni kabichi za nani zimeiva vizuri mwaka huu, nani kaanguka mbele ya duka, kama majani ya figili yaanikwe ndani au nje. Mal-sun aliosha bakuli na kuzirudisha chini ya mfarishi. Ok-bun akaweka ufunguo chini ya chungu.

Waliposhuka mpaka kwenye njia panda, Thuy alimsogelea, akamshika mkono.

"Mama Shemasi," alisema, "Ijumaa ijayo njooni kwetu. Mama mkwe amekubali. Boila nimejifunza kuiwasha mwenyewe. Sakafu itakuwa na moto."

Ok-bun aliitazama mikono ile, midogo, imepasuka kwa baridi. Alimfikiria mama mkwe na ulimi wake. Alilifikiria daraja lenye barafu na magoti ya Jeom-rye, na msichana huyu akipika na kupangusa tangu alfajiri kwa hofu ya kusemwa. Huruma ilimjaa, na maneno yakatoka pamoja nayo, matamu, bila kukwama popote.

"Usijitaabishe, mwanangu," alisema. "Wewe bado mgeni wa baridi hii. Pumzika tu. Tutakuja theluji ikiyeyuka."

"Umesema vyema, Shemasi," alisema Jeom-rye, akiegemea fimbo. "Lile daraja lingenimaliza."

Mal-sun aliinama kukaza kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

Mvuke wa maneno yale ulikuwa bado hewani mbele ya uso wa Ok-bun. Aliuona. Angeweza kuongeza neno jingine, moja tu lingetosha. Lakini Thuy alikuwa ameshainama na kushukuru, ameshika ufagio na kutangulia, akiwafagilia njia mpaka pale njia yake ilipoachana na yao.

Ijumaa iliyofuata zamu ilikuwa ya Mal-sun, lakini bomba lake liliganda tena, ibada ikarudishwa kwa Ok-bun. Alimaliza chakula, akapiga magoti, akapangusa kuanzia dirishani. Mvuke uliinuka njia nzima. Alipofika mahali pa Pil-nyeo uliendelea kuinuka. Aliacha kitambaa, akaweka kiganja, akakiacha hapo muda mrefu. Sakafu ilikuwa ya moto kama pengine popote. Alikuwa amedhani siku hiyo atafurahi.

Kisha akasogeza kitambaa kidogo pembeni, pale msichana alipozoea kukaa. Mvuke ukakoma. Palikuwa padogo bado, upana wa kifuniko cha bakuli la wali. Ok-bun alipapangusa mara moja, kama pengine.

Beseni la kimchi lilikuwa kubwa mno kwa hapo. Akainuka, akaenda jikoni kutafuta chombo kidogo.