Chuchumaa, Simama

Haya niliambiwa na mpishi wa shule ya chekechea, mchana mmoja wa mvua, tumekaa jikoni kwangu tunachambua maharage. Naye aliyapata kwa mwalimu mwenyewe, kinywani mwake.

Mwalimu huyo hakuwa mtu wa ubao. Watoto wake wengi walikuwa wageni, wamekimbia makwao na wazazi wao, kila mmoja na lugha yake. Kuwakalisha chini uwaambie "semeni baada yangu" ni kumpigia mbuzi gitaa. Basi akawafundisha kwa viungo. "Ruka!" Yeye anaruka, nao wanaruka. "Zunguka!" Wanazunguka mpaka wanaangukiana kwa vicheko. Maneno yaliyopendwa kuliko yote ni "chuchumaa" na "simama", na hayo mawili aliyafundisha pamoja, kama chanda na pete. Chuchumaa, wote chini kama vyura. Simama, wote wanafyatuka, mikono juu. Hakuna aliyesimama bila kuchuchumaa kwanza.

Hodari wao alikuwa msichana wa miaka mitano. Mpishi alimbandika jina la Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Baba hakuwapo. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu, na lugha ya hapa hakujua hata ya kuombea maji. Chiriku ndiye aliyekuwa ulimi wake, dukani na kwa mwenye nyumba.

Siku ile, saa ya kutoka, Chiriku alimwona mama yake ng'ambo ya barabara, akachomoka getini. Lori la mchanga lilikuwa linakuja. Mlinzi akapiga kelele, "Simama! We mtoto, simama!"

Chiriku akasikia, akatii. Katikati ya barabara akachuchumaa, ili apate kusimama.

Kule chini, dereva hakumwona.

Walipotoka kuzika, mlinzi alikuwa anajibu hata asipoulizwa. "Namwambia simama, yeye anachuchumaa! Ananicheza shere mchana kweupe! Sikio la kufa hilo, halisikii dawa."

"Funga bakuli lako," mpishi akamwambia.

"Nifunge kwani nimedanganya, mama? Si nyote mliona?"

Waliona. Mwalimu pia aliona, ila yeye peke yake ndiye aliyeelewa. Mtoto hakuwa mkaidi. Alifanya vilevile alivyofundishwa. "Simama" lilikuwa na maana mbili, kuinuka na kutosogea, naye mwalimu alimpa moja.

Alipomweleza mwalimu mkuu, aliambiwa, "Mwenzangu, usijipalie makaa. Dereva kashakamatwa. Unataka nini tena?"

Lakini mama mtu hakuacha kuja. Watoto wa wenziwe wakitoka kuchukuliwa, yeye yuko getini, anamtazama mwalimu, halafu anachuchumaa na kukunjua viganja. Hana neno, anauliza kwa mwili: kwa nini? Mlinzi anamjibu kwa lugha hiyohiyo. Anagusa sikio, anatikisa kidole. Hakusikia huyo. Na mama anainamisha kichwa, kama mtu aliyeletewa mashtaka ya mwanawe.

Hapo ndipo mwalimu aliposhindwa kuvumilia. Kufa mtoto amekufa, na jina lake nalo lifukiwe na uongo? Jioni moja akamfuata mama hadi kwake. Chumba kimoja, godoro moja, mabeseni, na nguo za watu zimeanikwa kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Mkalimani hakuwapo. Mkalimani ndiye aliyezikwa.

Basi akaigiza. Alijigusa kifua: mimi. Akaonyesha kimo cha mtoto kwa kiganja. "Chuchumaa," akachuchumaa. "Simama," akainuka, mikono juu. Kisha akatembea kuelekea mlangoni, akajipigia kelele kama mlinzi, "Simama!" Akakwama palepale, mguu mmoja mbele. Akamtazama mama kuona kama yuko naye. Akarudi, akatembea tena. "Simama!" Mara hii akachuchumaa kwanza. Akagusa sikio, akaitikia kwa kichwa: alisikia. Halafu akajigusa tena kifua, akakiacha kiganja hapo.

Uso wa mama ulibadilika polepole, kama nguo inavyolowa. Akainuka. Mwalimu alijua atapigwa, na alitamani apigwe.

"Simama," mama akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza la lugha ya hapa.

Mwalimu, ambaye tayari alikuwa wima, akaelewa anachotakiwa. Akachuchumaa, akainuka.

"Simama."

Tena. Na tena, mpaka magoti yakawa yanagongana, jasho na machozi havijulikani kipi ni kipi, na sauti ya mama ikapwaya ikawa mnong'ono. Hakumsamehe. Mpishi alinisisitizia hilo: hakumsamehe, hata leo. Ila siku ya pili yake alipita getini mbele ya mlinzi na kichwa chake juu, asimtazame.

Jioni ileile ya chumbani, mama alipochoka kuamrisha, alijitupa kwenye godoro, akajifunika shuka la mtoto, akageukia ukutani. Usingizi uliomkimbia tangu msiba ukamzamisha kama jiwe.

Mwalimu alitaka kuondoka, miguu ikakataa. Akateremka sakafuni taratibu, katikati ya mabeseni, mgongo ukutani. Alisikiliza pumzi za yule mama, na maji yakidondoka kutoka kwenye nguo. Hatimaye kichwa kikamwangukia kifuani, naye akalala.