Kikohozi cha Consolée Chuoni

Asubuhi ya Jumanne, Gérard alikuwa akisonga bugali nyumbani kwake Wamaza wakati kikohozi cha mkewe kilipoanza karibu na mlango. Vifupi viwili, kirefu kimoja. Hakugeuka. Alivuta kigoda kwa mguu, akakiweka pale ili mtu anayeingia asikanyage kikohozi, akaendelea kusonga.

Consolée alikuwa amezikwa miezi minne iliyopita. Mwili ulikwenda kaburini, vitenge vikachukuliwa na ndugu zake, lakini kikohozi hakikuchukuliwa na mtu. Kilibaki kikikohoa saa zile zile alizozoea yeye: alfajiri, wakati wa chakula, na kila watu walipofumba macho kusali.

Shida haikuwa kelele. Shida ilikuwa kilio. Kwa watu wa Consolée, mwanamume aliyefiwa na mke hatii mbegu udongoni mpaka shemeji zake wamnyoe nywele; akitia, mashamba ya ukoo mzima yanakauka. Na mvua za kupandia zilikuwa njiani. Shemeji yake Ernestine alikuwa amekuja kutoka Kabambare juu ya pikipiki, na wembe mpya ndani ya mfuko, tayari kumaliza kilio. Akakaa, akasikia. Vifupi viwili, kirefu kimoja.

"Shemeji," akasema, "nitakunyoa namna gani? Mutu angali anakohoa."

"Tulimuzika pamoja, Ernestine. Wewe ndiye ulilia kupita wote."

"Nililia, ndiyo. Lakini nikikunyoa leo, kesho atasema tumemufukuza kwake."

Akarudisha wembe mfukoni, akala bugali yake akaimaliza, akapanda pikipiki.

Gérard alijua kikohozi kile kilikuwa mali ya nani. Miaka miwili nyuma, vijana wa Chuo Kikuu cha Mapambazuko, kule Kasongo, walifika na pikipiki tano. Walimwuliza Consolée maswali arobaini na mawili: unakohoa tangu lini, mnalala wangapi chumba kimoja, choo kiko wapi. Wakamtemesha ndani ya kichupa, wakambonyeza kidole gumba kwenye karatasi, wakampa kipande cha sabuni. "Mama, vumilia," wakasema. "Tutarudi na matokeo."

Consolée akavumilia. Muuguzi wa kituo cha afya alipomwambia aje apimwe, alimjibu: "Mimi nimekwisha kuandikwa na université. Nikiandikwa mara mbili, majibu yatagombana." Kila Jumamosi, kwa sababu walikuja siku ya Jumamosi, alivaa kitenge kizuri, akakaa mlangoni akitazama njia. Alikufa hivyo hivyo, amekaa, amevaa vizuri.

Gérard hakufika mbali na shule, lakini aliona hivi: aliyechukua kichwa cha jambo achukue na mkia wake. Akaosha bidoni, dumu lake la mafuta ya mawese, kwa majivu, akaishika karibu na mlango, na kikohozi kirefu kilipokuja, akafunga kifuniko.

Yassine, mwenye pikipiki ya kumpeleka Kasongo, aliitazama ile bidoni. "Iko mafuta?"

"Iko kikohozi."

"Funga muzuri basi. Njia iko mashimo tu, kitamwangika."

Ile njia ilikuwa imechunguzwa na chuo kikuu mara saba, na kila mara mashimo yalipimwa kina. Mara ya saba yalikuwa marefu kuliko mtu.

Kasongo, langoni mwa chuo, palitundikwa kitambaa kirefu: *Kongamano la Kufikiri Upya: Chuo Kikuu na Matatizo ya Binadamu*. Mlinzi alimzuia Gérard kwa fimbo.

"Papa, uko na barua ya mwaliko?"

"Niko na tatizo."

"La namna gani?"

"La kifua."

Mlinzi akatazama karatasi yake. "Afya. Salle ya pili, mukono wa kushoto. Vua kofia."

Ndani ya ukumbi, Profesa Ilunga alikuwa amesimama mbele, tai shingoni, akisema kwamba wakati umefika chuo kikuu kiteremke kwa wananchi. Wakubwa waliitikia kwa vichwa. Gérard aliwatazama, akaona masikio ya watu wale yaliumbwa kwa kushikilia miwani tu. Akafungua bidoni. Kikohozi kikatoka, kikakaa kwenye kiti kitupu cha mstari wa kwanza, kikakohoa.

Kijana mmoja akainuka. Alikuwa Espoir, mmoja wa wale wa pikipiki tano, sasa msaidizi wa profesa. "Huyu ni mama Consolée," akasema. "Namba mia moja kumi na saba. Ninamutambua."

"Matokeo yake iko wapi?" akauliza Gérard.

"Iko ndani ya kitabu yangu ya kumalizia masomo, papa. Ukurasa wa sitini na nane. Kifua kikuu. Kinapona kwa miezi sita."

"Mulijua lini?"

"Wiki tatu kisha ya kurudi huku chuoni."

"Sasa kwa nini hamukuleta?"

"Projet, ile kazi yetu, ilikuwa ya kukusanya, papa. Ya kurudisha haikuandikwa. Lakini kitabu kilipita muzuri. Walinipa distinction, alama za juu."

"Huyu papa ameuliza swali la maana sana," akasema Profesa Ilunga, na salle nzima ikapiga makofi. Gérard akangoja makofi yaishe.

"Mumuambie yeye sasa," akasema. "Ndiye alingojea."

Espoir akaleta kitabu, akasoma ukurasa wa sitini na nane kwa Kifaransa, kama alivyouandika. Kikohozi kilisikiliza mpaka mwisho. Consolée hakujua Kifaransa. Kikakohoa.

"Muambie kwa Kiswahili."

"Papa, wakati umekwisha," akasema profesa. "Wenzako wa malaria wanangojea."

Gérard akainama mwenyewe mbele ya kiti. "Mama Consolée, ilikuwa kifua kikuu. Ilikuwa ya kupona." Kikohozi hakikumjali. Hakikuwa kimengoja neno la Gérard. Alipokifungulia bidoni, hakikuingia. Mwandishi wa chuo akapita na daftari, akakipa namba ya mwanafunzi na kiti cha kudumu, na kongamano likapitisha maazimio kumi na moja. La kumi na moja lilisema wakutane tena.

Gérard alirudi Wamaza na bidoni tupu. Nyumba ilikuwa kimya. Akamwita Ernestine, naye akaja na wembe, akakaa karibu na mlango tangu asubuhi mpaka jioni, akisikiliza.

"Ameenda wapi?"

"Université. Wamemuandikisha, wamemupa na kiti."

Ernestine akapiga makofi ya furaha. "Dada yangu! Na darasa la tatu hakumaliza!"

"Basi ninyoe, shemeji. Mawingu unayaona."

"Nikunyoe? Mutu iko masomoni, sisi tunamumalizia kilio? Shemeji, utatuletea haya. Tutangojea atoke na diplome yake."

"Atatoka lini?"

"Weye ndiye ulimupeleka. Hukuwauliza?"

Gérard hakuwa ameuliza.

Mvua ya kwanza ikanyesha, majirani wakapanda. Ya pili ikanyesha, mahindi yao yakachomoza. Ya tatu iliponyesha, Gérard aliteremsha mbegu zake kutoka juu ya jiko, akazitwanga, akasonga bugali, akala.