Blanketi Lisilopindwa

Mshonaji alipolazwa hospitali kwa upasuaji, dada wa mume wake alijitolea kuja kuangalia nyumba. Wifi huyo watu walimwita Fagio, na jina halikuwa la bure. Siku hizo alikuwa ameshikwa na habari ya kuishi na vitu vichache. Akikukuta na sufuria mbili, atakuuliza ya pili ya nini.

Mshonaji alirudi akijishika ubavu, akakuta sebule inatoa mwangwi. Mapazia hayapo, viti vya plastiki havipo, kabati limeachama kama kinywa cha kibogoyo.

"Umeona nyumba ilivyopata hewa, wifi?" Fagio alisema kwa furaha. "Kitu kisichotumika ni takataka tu."

Mshonaji hakulilia viti. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Tupu. Humo alikuwa amehifadhi blanketi la viraka aliloshona mama yake akiwa mgonjwa, vidole vikimtetemeka, kila kiraka kimetoka kwenye nguo ya mmoja wa wanawe. Mama alifariki kabla ya kupinda ukingo. Na mshonaji, anayepinda nguo za watu kutwa nzima, hakuthubutu kuumalizia.

"Blanketi liko wapi?"

"Lile tambara? Si hata halikuwa limeisha! Nimewapa mafundi wa gereji pale kona."

Alikwenda hivyo hivyo na mshono wake wa upasuaji ubavuni. Akamkuta fundi anafuta oili mikononi kwa kiraka cha buluu kilichochanwa kwenye blanketi: gauni la kwanza la shule la mshonaji mwenyewe.

"Samahani, mama, tuliambiwa ni matambara," fundi alisema, akimnyooshea. Mshonaji alikishika, kikamchafua vidole, akamrudishia.

"Dada alikuwa na nia njema," mume alimwambia jioni ile. "Yaliyopita si ndwele."

"Haya," alijibu, akanyamaza. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu.

Haukupita muda, Fagio akaenda kumtazama binti yake aliyejifungua, akamwachia wifi yake ufunguo wa nyumbani kwake amwagilie maua. Sasa, mhubiri huyu wa vitu vichache alikuwa na kabati la kioo sebuleni, na ndani yake seti nzima ya vyombo vya kaure ambavyo havijawahi kuguswa na mdomo wa mtu. Ukimuuliza, "Hivyo ni vingine."

Mshonaji alimwagilia maua kwanza. Kisha akafungua kabati, akavifunga vyombo kimoja kimoja kwenye magazeti, akaita mkokoteni. Kila kikombe alichokitoa kilimwingia rohoni kama asali.

"Bure kabisa?" aliuliza mama mwenye mgahawa wa sokoni.

"Bure. Ila uvitumie kila siku. Usivitunze."

Fagio aliporudi, kelele zake zilisikika hadi barabarani. Majirani walimwelekeza ulikopita mkokoteni, akakimbilia sokoni, akamkuta mbeba magunia anakunywa chai kwenye kikombe kilichokatika mkono. Sahani nyingine zilishavunjika. Alikusanya vilivyobaki kwenye pindo la nguo yake, akaja navyo mpaka mlangoni kwa mshonaji.

"Vilikuwa havitumiki, wifi," mshonaji alimwambia. "Nimekupatia hewa."

Fagio hakupiga kelele tena. "Unajua nani alininunulia hivi?"

"Marehemu mumeo."

"Ulijua?"

"Nilijua. Ndiyo maana makochi sikuyagusa."

Walitazamana. Fagio akaviinamia vyombo vilivyomo kwenye nguo yake. "Lile blanketi," alisema, "alilishona nani?"

Angeuliza siku ile, kabla ya kulibeba. Mshonaji alishika kitasa cha mlango.

"Nani huyo?" mume aliita kutoka ndani.

"Dada yako. Anaondoka."

Akafunga mlango, akatia komeo. Nje, vyombo viligongana taratibu, vikishuka ngazi.