Thurman Hapandi Ndege ya Dallas

Thurman Gaines aliingia Houston, mji wa kwao, akiwa hoi, kofia ameishusha hadi puani. Kufikia mwaka ule wa 1973, kinanda chake kilisikika katika albamu za bendi kubwa kubwa za roki. Waingereza wenye nywele ndefu walikuwa wakimpigia simu: njoo ututilie ile ladha yako ya kanisani. Naye alikwenda, akaketi, akapiga, akaondoka. Wimbo ukitoka, watu waliulizia mpiga gitaa.

Safari hii alikuwa ziarani na mwimbaji Colin Ashby. Hoteli zilifanana mno, hata akiamka usiku alitafuta mlango wa choo pale ulipokuwa jana. Mgongo ulimuuma. Kabla ya kupanda jukwaani ilimbidi avichovye vidole kwenye maji ya moto ndipo vikunjuke.

Jioni ile dada yake, Vernell, alimfuata nyuma ya jukwaa na sufuria ya maharage na nyama, ameifunga kwa taulo.

"Hebu nikuone. Hawa wanakulisha nini, mishumaa? Umekonda kama fito."

"Chakula kipo, dada. Mimi ndiye sina hamu."

"Basi kula. Mama yuko ukumbini na wenzake wa kwaya. Wamevaa kofia zao kubwa za Pasaka."

Kijiko cha Thurman kiliishia hewani. "Mama? Kwenye roki?"

"Anasema amekuja kumsikiliza mwanawe. Makelele ya wenzako atayavumilia."

Usiku ule Thurman alipiga kama hajawahi kuchoka. Aliziona zile kofia safu za mbele, zikiyumba kwa pamoja. Kisha Colin, jasho likimtiririka, akaanza kuwatambulisha wanamuziki.

"Na kwenye kinanda, rafiki yangu wa chanda na pete... Bobby!"

Bobby alikuwa mpiga kinanda wa zamani, aliyeachishwa kazi kitambo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Thurman akainua mkono, kwa mazoea tu. Pale mbele mama yake alikuwa amesimama, ameweka mikono mdomoni.

"Thurman! Anaitwa Thurman!"

Spika zikaimeza sauti yake. Jina la Bobby halikumuuma Thurman kama kumwona yule mama mzee akipiga kelele asisikike.

Onyesho lilipokwisha Colin alimshika mabega. "Kaka, nisamehe. Ulimi umeteleza. Bila wewe sisi ni makelele tu."

"Ndivyo anavyosema mama," Thurman akajibu, akaenda kulala kwa Vernell, alikokaa pia mama yao.

Asubuhi gari la bendi lilipiga honi nje, likapiga tena. Hakuna aliyetoka. Mwishowe Colin akaja mwenyewe kugonga, na mama ndiye aliyefungua.

"Kumbe wewe ndiye mwimbaji. Sauti unayo. Ingia, kaa ule."

Colin akakaa jikoni, akawekewa mayai na uji mzito wa mahindi.

"Mama, ndege ya Dallas inatungoja. Thurman yuko wapi?"

"Amelala."

"Naomba umwamshe."

"Simwamshi. Mtu akilala hivi, mwili wake ndio umeomba."

"Nilikosea jana. Nimekuja kumwomba radhi."

"Nitamwambia. Kula, kinapoa."

Chumba cha pili Thurman alikuwa macho, anasikia kila neno. Alimsikia Colin akisogeza kiti, akishukuru, akisimama kitambo mlangoni kama mtu anayengoja kuitwa. Kumwita kulikuwa rahisi tu, na kwa kweli alimpenda yule kijana. Lakini miguu ilikataa kushuka kitandani, naye hakuilazimisha. Gari likaondoka.

Dallas walipiga bila kinanda. Miezi ikapita, kisha Colin akaanza kumtumia kanda za nyimbo zake. Thurman alizitilia kinanda katika studio ndogo ya hapohapo mjini, na chakula cha jioni akala nyumbani. Albamu yake mwenyewe, aliyokuwa akiisema tangu ujana, hakuirekodi. Kuna siku vidole vilimwasha kwa hamu ya jukwaa. Hapo alikwenda barazani, akaketi karibu na mama, wakazungumza habari za majirani hadi hamu ile ikapungua.