Nyuma ya Kiti cha Bibi

Saa kumi na robo alasiri, kiti kimoja kati ya saba vya darasa la lugha ya kigeni kilikuwa kitupu. Mwanafunzi mmoja, dereva, alikuwa amehamia chumba cha pili, kwa mwalimu anayefuata kitabu. Mtihani ulikuwa baada ya wiki tatu, naye bila cheti hapati kazi.

"Kakimbilia ukurasa wa arobaini," kinyozi alisema. "Abiria atawaambia nini, wafungue kitabu?"

Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. Darasa lake lilikuwa bado kwenye ukurasa wa kumi na moja, na dereva alikuwa na haki.

Hapa kila mwanafunzi alisema kwa lugha yake jambo alilolitaka. Mwalimu, akiwa amesimama nyuma ya kiti, alimnong'oneza maneno ya kigeni, naye akayarudia. Kazi ilikwenda polepole mno. Bibi mshona nguo alikaa wiki tano bila kufungua kinywa. Wiki ya sita alisema sentensi nne.

Leo alikuja na simu. Mjukuu wake wa miaka sita, aliyezaliwa ng'ambo, hakujua lugha ya bibi yake. Hawakuwahi kuzungumza bila mama kutafsiri, na leo mama alikuwa kazini.

"Nikikwama, ataniona bibi bubu," alisema.

"Nipo nyuma yako, bibi."

"Basi ukae hapo hapo shingoni, kama lebo ya shati."

Bibi akapiga. Baba wa mtoto, naye asiyejua lugha ya bibi, alipokea, akamwachia mwanawe simu. Mwalimu akanong'ona salamu, bibi akarudia. Mtoto akamwaga maneno mbio mbio.

"Anasema ameng'oka jino," mwalimu akanong'ona, akavuta pumzi ampe jibu.

Bibi akainua mkono. "Ngoja, mwanangu. Hili naliweza."

Akamwambia mtoto aonyeshe pengo. Sentensi ilikuwa na makosa mawili. Ulimi wa mwalimu uliwasha kuyasahihisha. Akaung'ata, akarudi nyuma hatua mbili.

Kioo cha simu kikajaa mdomo wa mtoto. Kisha akauliza swali fupi. Mwalimu hakusogea. Kinyozi akaacha kutikisa mguu.

"Ndiyo," bibi akajibu kwa lugha ya mtoto. "Mimi pia."

Akaisogeza simu karibu, akapanua mdomo, akamwonyesha pengo lake.