Matanga Bila Watu

Kuna uchovu wa mwili, ambao maji ya moto na chapati mbili huumaliza, na kuna uchovu wa mtu aliyeshinda mchana kutwa akikubali jambo ambalo moyo wake umelikataa. Uchovu huo wa pili ndio aliorudi nao nyumbani Wakesho Kilambo Alhamisi ile, jua likiwa bado linawaka juu ya mabati ya majirani. Hakuvua hata viatu. Alijibwaga kwenye kochi, akajiambia kwamba anafumba macho kidogo tu, kisha atasimama aone cha kupika.

Wakesho alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ustawi wa wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni cha Povu Jema, Nairobi, na tuseme ukweli, kazi kubwa ya kamati hiyo ilikuwa misiba. Mfanyakazi akifiwa, kamati hutoa gari la kampuni, shada la maua, na wenzake wa kwenda kukaa naye, kuimba naye na kusimama nyuma yake kaburini. Walikwenda Kitui kwa mlinzi aliyefiwa na baba wa kambo ambaye hata mlinzi mwenyewe hakumpenda sana. Mama mkwe wa meneja wa mauzo alipofariki, yalitoka mabasi matatu na watu bado wakagombania viti vya dirishani.

Wiki ile aliyefiwa alikuwa Kithinji, fundi wa mitambo ya kukatia sabuni. Marehemu alikuwa Barasa, mwoka mikate, mwanamume ambaye Kithinji alikuwa ameishi naye miaka mingi, nyumba moja, chungu kimoja, kitanda kimoja. Kithinji hakuzungukazunguka. Alikuja ofisini kwa Wakesho, akafunga mlango, akasema, "Madam, Barasa hakuwa rafiki tu. Ndiye aliyekuwa mwenzangu wa maisha. Anazikwa Jumamosi kwao Webuye. Ndugu yake ameniambia naweza kwenda, lakini nikae na umati, nisisogelee kaburi. Sitaki hotuba, sitaki bendera. Njooni tu vile mnaendanga kwa wengine. Nikifika peke yangu, mimi ni mpita njia. Nikifika na watu wangu, watanipisha nitupe udongo."

Ombi lenyewe ndilo hilo, wala halikuwa kubwa. Na Povu Jema si kampuni iliyokosa maneno kuhusu watu kama Kithinji. Makao yake makuu ng'ambo yalikuwa yamepewa tuzo kwa kuwaunga mkono wapenzi wa jinsia moja na wote wanaotazamwa kwa jicho la pembeni. Kila Juni maboksi ya sabuni ya huko huvishwa rangi za upinde wa mvua, na hata ndani ya lifti ya Nairobi kulibandikwa bango lililosema Hapa Kila Mtu Ni wa Kwetu. Lakini kamati ilipokaa Alhamisi ile, mkurugenzi, Bwana Nyaga, alikuja mwenyewe, akavuta kiti. "Tunamuunga mkono Kithinji mia kwa mia," alisema. "Ila sheria mnaijua, wachungaji mnawajua, na wateja wetu ni akina mama wa kanisani. Tuweke ujumbe mzuri kwenye mtandao wetu wa ndani, na zile rangi zake. Gari lisiende." Wajumbe waliangalia meza kana kwamba imeandikwa kitu. Gari hilo hutoka kwa sahihi ya Wakesho, si ya mwingine, na Wakesho akasema tuisome hali kwanza. Kithinji alipomsimamisha langoni, alimjibu kwamba jambo lake linashughulikiwa. Huko ndiko kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na alijua hivyo hata alipokuwa akisema.

Sasa usingizi ukamchukua, na usingizi ukamtupa kwenye barabara ya vumbi jeupe katika nchi ambayo hakuwahi kuiona, milima yake ya samawati ikiwa karibu mno, anga lake likiwa halina jua lakini lina mwanga. Kando yake alitembea mwanamke mwenye miguu mipana, amejitwika kiti cha plastiki kichwani, hana haraka wala hana uvivu. "Naitwa Uthabiti," mwanamke alisema bila kuulizwa. "Nakwenda kukaa matanga. Ukitaka tufuatane, karibu, lakini sitakungoja ukisimama kusalimiana, maana watu wa nchi hii salamu zao ni ndefu na miguu yao ni mifupi." Wakesho hakuuliza nani amekufa. Katika ndoto mtu hujua mambo bila kuambiwa, na yeye alijua kwamba safari ni yake pia.

Waliingia kwanza katika mji mzuri kupita kiasi. Nyumba zake zilikuwa za ghorofa, kila moja imepakwa rangi saba kuanzia msingi hadi paa, rangi mbichi inayong'aa na kutiririka bado, na juu ya ngazi alisimama Bi Sifa mwenyewe, brashi mkono mmoja na kioo mkono wa pili, akipiga mstari mmoja na kujitazama mara mbili. Wakesho alivutiwa, akausukuma mlango wa nyumba iliyokuwa karibu ili aone ndani. Nyuma ya mlango palikuwa na majani, mbuzi wawili, na magogo yaliyoegemezwa kuzuia ukuta usianguke. "Shangazi," alimwita Bi Sifa, "hizi nyumba hukaa nani ndani?" Bi Sifa alishuka ngazi moja, akamtazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Ndani?" aliuliza. "Mwanangu, watu hupigia picha huku nje." Mumewe, Bwana Faida, alipita mbio akihema, kazi yake ilikuwa kupandisha bendera upande wa magharibi wa mji na kuishusha upande wa mashariki, kisha kurudi kuigeuza tena, kulingana na anayepita barabarani ni mgeni wa aina gani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na jasho lilikuwa limemharibia kola.

Wakesho alicheka, kisha akaona haya, kwa sababu alikumbuka bango la lifti na kwamba ni yeye aliyetafuta gundi ya kulibandikia. Uthabiti aliiona haya hiyo. "Usimchukie Sifa," alisema wakitoka mjini. "Rangi hazina kosa. Kuna mtoto mahali fulani aliziona dukani, akajua siku hiyo kwamba hayuko peke yake duniani, na hilo si jambo dogo. Kosa ni kuzipaka pasipo na nyumba, halafu mtu akija ananyeshewa, umwonyeshe ukuta." Alikiweka kiti chake sawa kichwani, wakaendelea kupanda.

Katikati ya mlima palikuwa na banda kubwa la kupumzikia, na juu yake kibao: Mpaka Mambo Yatulie. Ndani kulikuwa na viti vyenye mito, chai ya maziwa na tangawizi, na watu wengi wenye heshima zao wamekaa, wengine wakiwa na vumbi mabegani kwa kukaa miaka. Wajumbe wa kamati walikuwamo wote, wakaitikia kwa vichwa. Mwenye banda, Bwana Tahadhari, mzee nadhifu mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine ya akiba, alimkaribisha Wakesho kwa mikono yote. Wakesho alikaa, na alipokaa alishtuka, kwa maana mto ule ulikuwa umeshabonyea kwa kipimo chake. Alikuwa amekaa pale mara nyingi maishani mwake bila kujua jina la mahali.

"Mwenda pole hajikwai, mama," alisema Bwana Tahadhari akimmiminia chai.

"Asiyekwenda hajikwai pia," alijibu Uthabiti kutoka mlangoni. Hakuwa ameingia. "Wakesho, msikilize vizuri huyu bwana, maana ni mtu mzuri akiwa safarini: atakuonyesha shimo lilipo na nyoka alipolala. Lakini akishaketi, huwa anamtumikia mama yake. Mama yake anaitwa Woga, na ndiye anayeipika hiyo chai."

Kikombe kilikuwa kitamu, na Wakesho hakukimaliza. Aliinuka, na kuinuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda mlima, kwa sababu wote waliokaa walimtazama kana kwamba amewatukana. Alitoka nje, na kutoka pale juu aliyaona matanga yenyewe.

Yalikuwa katika boma moja bondeni. Turubai limefungwa vizuri, viti vimepangwa safu kwa safu, maji ya kunywa yamewekwa, na hakuna aliyekaa. Ila mbele kabisa, karibu na jeneza, mwanamume mmoja alikuwa amekaa peke yake, mgongo kwa lango. Na nje ya ua, lo, watu hawakuhesabika! Walibanana kuzunguka boma zima, wamevaa fulana mpya, wanapunga vitambaa vya rangi zote, wanapaza sauti kwa pamoja, "Tuko pamoja! Tuko pamoja!" Kila waliposema, yule mwanamume aligeuka upesi aone ni nani anayeingia, na kila mara akaona lango lile lile tupu. Lango lenyewe lilikuwa limezibwa na shada kubwa la maua lenye jina la aliyelituma kwa herufi za dhahabu. Wakesho alihisi hasira ikimpanda, hasira ya kweli, na sehemu yake kubwa ilikuwa juu yake mwenyewe.

Alipolishika lile shada alisogeze, bibi kizee mmoja alimshika mkono. Woga hakuwa na pembe wala meno ya kutisha. Alikuwa na mikono laini, na aliongea kwa upole wa mtu anayekutakia mema. "Heri nusu shari kuliko shari kamili, mwanangu. Utafukuzwa kazi. Watasema na wewe ni mmoja wao. Watoto wako watachekwa shuleni, na dada zako watakunyamazia. Unafikiri nadanganya?"

Wakesho alifikiri. Alitafuta uongo katika maneno yale, hakuuona. "Hudanganyi, nyanya," alisema. "Huenda yote yakawa. Nipishe."

Alilivuta shada kando, miiba ikamchana gauni na mkono, akaingia. Sauti za nje zilikatika mara moja. Uthabiti alikuwa ameshatangulia, amekiweka kiti chake kando ya mwanamume yule, naye akamwonyesha Wakesho akalie hicho. Mwanamume hakugeuka. "Umekuja kwa niaba ya nani?" aliuliza.

Hapo Wakesho alitulia, kwa kuwa jibu alilijua kwa moyo. Amelisema katika misiba isiyo na idadi, kipaza sauti mkononi: kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote wa Povu Jema. Akafungua kinywa, maneno yakakataa kutoka.

"Huku hakuna niaba," alisema Uthabiti taratibu. "Kila mtu huja na pua yake."

"Nimekuja mimi," alisema Wakesho. "Wakesho."

"Umeniletea nini?"

Akapapasa moyoni. Alikuta ahadi, maelezo, udhuru, sheria, hata machozi, na chochote alichokishika kilionekana si chake bali cha kujikinga. Kisha akakumbuka kwamba kuna neno moja linalopelekwa kwenye kila msiba, kabla ya kukaa, kabla ya maji, neno ambalo mtoto hulijua na hata adui hulisema akipita. Akavuta pumzi alitoe, na akaamka.

Jua lilikuwa halijatua. Watoto wa jirani walikuwa wakigombana kuhusu mpira. Wakesho alikaa wima kwenye kochi, mdomo bado wazi, na akalielewa jambo lote kwa mara moja, hata akajishika kichwa. Wiki nzima walikuwa wamemjadili Kithinji: sheria, wachungaji, jina la kampuni, gari, rangi za ujumbe. Walimjadili vizuri, kwa heshima, kwa sauti za chini. Na hakuna hata mmoja, yeye mwenyewe wa kwanza, aliyempa pole. Haikuwa kusahau. Ukimpa mtu pole ya msiba umekubali kwamba amefiwa, na ukikubali kwamba amefiwa umekubali kwamba alikuwa na mtu wake, na hapo huwezi tena kumwacha azike peke yake. Ndiyo maana wote walilikwepa neno lile.

Akachukua simu, akaanza na mkurugenzi. "Bwana Nyaga, gari linatoka kesho saa kumi na mbili asubuhi kwenda Webuye, tukalale matanga. Nimetia sahihi."

"Wakesho, unajua unachofanya? Bodi itakuuliza Jumatatu."

"Jumatatu nitakuwapo, nitajibu."

"Na nani atakubali kwenda na wewe?"

"Nitawapigia wote usiku huu. Wakikataa wote, nitakwenda mimi na dereva." Akamwachia nafasi aseme neno jingine. Bwana Nyaga alikohoa, akasema atafikiri, na Wakesho akamtakia jioni njema kwa adabu zote.

Kisha akampigia Kithinji. Simu iliita muda mrefu.

"Madam," Kithinji aliitikia, sauti ya mtu aliyejiandaa kuambiwa hapana.

"Kithinji," alisema Wakesho, "pole sana kwa kufiwa na mwenzako."

Upande wa pili kilikuja kilio, kilio kikubwa cha mwanamume, cha mtu aliyekibana tangu siku ya kwanza kwa kukosa ruhusa ya kukitoa. Wakesho hakumnyamazisha. Hakumwambia ajikaze, wala hakumwambia kwamba wako pamoja. Aliishika simu sikioni, akakaa naye mpaka pumzi zilipomrudia.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniambia hivyo," alisema Kithinji.

"Jiandae mapema," alisema Wakesho. "Tutakupitia nyumbani asubuhi. Mfiwa hukaa mbele."