Kipima Hewa cha Barazani

Kwenye familia walimwita Profesa, ingawa uprofesa wenyewe aliusikia kwa jina tu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza modeli: huku anaingiza umeme ambao mji unauhitaji, huku anaingiza moshi ambao watu wanauvuta, kisha kompyuta inasema mtambo wa makaa ya mawe uwashwe kwa muda gani. Safari hii ilisema usizimwe kabisa, mchana na usiku. Mkuu wake akafurahi, ripoti ikapita, mtambo ukaanza kunguruma bila kupumzika.

Jumamosi akaenda kwa shangazi yake, anayeishi jirani kabisa na bomba la moshi la mtambo huo, kuchukua kipima hewa alichokuwa amekifunga barazani kwake. Tangu akifunge hakuwahi kurudi. Takwimu zilikuwa zinakuja zenyewe ofisini, na shangazi naye ana maneno mengi.

"Leo umepotea njia, Profesa?" Shangazi alikohoa, akacheka, akakohoa tena. "Njoo uone nilivyokutunzia kitu chako."

Kipima hewa kilikuwa kimevikwa mfuko wa nailoni, na juu ya mfuko kitambaa cha kufuma, kile cha kufunikia redio. Kilikuwa kisafi kama kimetoka dukani.

"Masizi ya hapa si unayajua? Ningekiacha wazi kingeharibika, ukagombezwa kazini. Nikakifunika siku ileile."

Profesa alikivua kitambaa, akauvua na mfuko. Takwimu zilidai hewa ya mtaa huu ni safi kuliko ya ofisini kwao. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeshtuka. Yeye alimshukuru Mungu, kwa sababu hesabu zilikubali haraka na mkuu alitaka zikubali. Sasa aliona aibu.

Alimpigia mkuu palepale. Hilo alilifanya, tumpe haki yake.

"Bosi, mtambo upunguzwe. Takwimu zetu si sahihi."

"Kosa la nani?" Sauti ilijaa baraza zima.

Alimtazama shangazi. Jibu alilijua. Mdomo ukatoa lingine.

"Mwenye nyumba. Alikifunika kifaa."

Mwenye nyumba! Mwanamke aliyembeba mgongoni. Mkuu akasema atazungumza na watu wa mtambo, akakata simu. Profesa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Shangazi alikuwa ameshakaa chini, anakikunja kile kitambaa.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mpigie tena. Mwambie mwenye nyumba anaomba msamaha, asije akakufukuza kazi."